Kipindi cha Mwisho cha Babu Domo

Msibani kwa Babu Domo watu walikuwa wanacheka. Mtu alikuwa ametundika redio kwenye nguzo ya geti, na tangu asubuhi kituo kilikuwa kinarudia vichekesho vyake. Sauti ile nzito ya kukwaruza ikishaanza tu, waombolezaji wanajikuta wameangua kicheko, halafu wanakumbuka kilichowaleta, wanainamisha vichwa na kutafuta leso.

Mjane alikaa kwenye godoro karibu na ukuta, hacheki wala halii. Kila aliyemshika mkono kumpa pole alimwongezea mzigo. Kulikuwa na jambo limemkaa kooni, jambo la kuombea radhi, na kesho mume wake alikuwa anazikwa. Alitaka kulisema kabla ya hapo, tena mbele ya watu hawa hawa. Ila kila alipojaribu kuinuka, alifika mwingine wa kumpa pole.

Na mashabiki hawakuacha kuja. Wengi hawakuwahi kumwona Babu Domo kwa macho. Walimjua kwa masikio tu. Akaja kinyozi mmoja, pande la mtu, akapiga magoti mbele ya mjane akilia kama mtoto. Alisema zamani Babu Domo alikuwa anawasema wake za watu tu, jinsi wanavyonuna na wanavyozidisha chumvi, naye akicheka mpaka anaharibu nywele za wateja. Lakini miaka hii mitatu ya mwisho mzee aligeuza kibao, akawageukia wanaume: yule asiyejua sukari inakaa wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe, yule akipata mafua anaaga ukoo mzima.

"Nikajiona mimi mtupu," kinyozi alisema. "Mama, siku hizi nguo za watoto nafua mimi. Mumeo ndiye aliyenirudisha nyumbani kwangu."

Mjane alisema asante kwa sauti ndogo, akaangalia pembeni.

Baada yake akaja muuguzi aliyetoka kazini na sare yake mwilini. Alieleza kwamba wodini kwao wagonjwa walikuwa wanakataa sindano mpaka kipindi kiishe. Kisha akauliza, kwa wema kabisa, mgonjwa wa kitandani kama yule alikuwa anapata wapi nguvu za kuchekesha watu kila wiki.

Swali hilo ndilo alilokuwa analingojea shemeji wa mjane. Alikuwa mdogo wa marehemu, na tangu afike hakuwa amempa mjane hata pole ya juu juu. Mwaka jana alisafiri safari ndefu kuja kumjulia hali kaka yake, akaruhusiwa kukaa kidogo tu kando ya kitanda, akashikwa mkono, basi. Hata neno la karibu hakupata. Mjane alimwambia mgonjwa anatunza sauti kwa ajili ya kipindi. Mtu hutunza sauti mpaka kwa ndugu yake wa tumbo moja? Aliondoka na donge ambalo mpaka leo halijayeyuka.

Majirani nao walikuwa na yao. Kila wiki walimwona mwanamke yule akifunga mlango wa chumba na kuziba dirisha kwa blanketi, na haupiti muda Babu Domo anasikika humo ndani akirekodi. Walisema ana roho ngumu, anamkamua mgonjwa kama ng'ombe.  Wiki ile ya kwanza mjane alidhani ingekuwa mara moja tu, ili kipindi kisife na mume wake asijione ametupwa. Halafu salamu za mashabiki zikaanza kumiminika, naye akanogewa. Hilo la kunogewa ndilo lililomtesa kuliko yote.

Mtayarishaji wa kipindi alifika na mitambo yake, akachuchumaa mbele ya mjane kwa heshima. Alisema nchi nzima inasikiliza, na kama ataweza, wangependa aseme machache moja kwa moja hewani. Asipoweza hakuna atakayemlaumu.

"Atasema," shemeji alidakia. Alisimama pale pale. "Shemeji, kaka yangu umemfanyisha kazi mpaka pumzi yake ya mwisho. Hukumwacha apumzike hata wiki moja. Waombe radhi hawa watu, kisha uniombe na mimi."

Wanawake waliokaa naye wakaanza kumkemea, kwamba msibani si mahali pa maneno hayo. Mjane akawanyamazisha kwa mkono.

"Mwacheni, ana haki," alisema. "Nitawaomba."

Redio ya getini ikazimwa. Mjane akainuka. Mtayarishaji alitaka kumwelekeza namna ya kushika kipaza sauti, lakini mjane alikuwa ameshakishika, chini kidogo ya kidevu, mahali pake hasa. Akawatazama wote: kinyozi na macho yake mekundu, muuguzi, majirani waliojipanga ukutani, shemeji yake.  Akavuta pumzi.

"Wapenzi wasikilizaji, mume wangu alipopigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, hakutamka neno tena hadi anakufa," alisema. "Nisameheni."

Hakuna aliyecheka, maana sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Babu Domo.