Gego la Mzee

Nilikuwa nimeshavua glavu, miguu inawaka moto, mzee nisiyemjua aliposukuma mlango wa kliniki akiwa ameshika shavu.

Nikammulika kinywani. Dawa iliyoziba gego lake ilikuwa imelika kandokando, inacheza kama kifuniko kibovu.

“Babu, unakula nini kikali hivi?”

“Limau. Nalinyonya kutwa.”

“Ndilo linalokula dawa. Liache, nikuzibie upya.”

“Nikiliacha, narudia sigara. Na nilimwahidi marehemu bibi yako.”

“Basi tafuna karoti.”

“Nilijaribu. Sigara ilinicheka.”

Nilichoka hata kutabasamu. “Nikiziba itatoka tena, babu, na gego litaoza.”

Akaligusa gego kwa ulimi, taratibu, kama anayeaga mtu.

“Ling’oe, mjukuu wangu.”