Sharti la Kinanda

Hebu niambie, wewe ungejisikiaje kufanywa ile kamba anayoongezewa mtu aliyenunua mbuzi?

Ndivyo alivyojisikia Ajiambo pale Voi, mwaka wa hamsini na nne. Baba yake, Mzee Jeconia, karani wa stesheni, ndiye aliyekuwa akipiga kinanda cha kukanyaga kanisani, na sasa vidole vilikuwa vimeanza kumgomea. Akatangaza mbele ya kwaya nzima: atakayerithi kinanda, sharti amwoe binti yake.

Wazo hilo alilitoa mbali. Mzungu mmoja wa misheni alimsimulia habari za Buxtehude, mpiga kinanda wa kale huko Ujerumani, aliyeachia vidole vibuni muziki papo hapo. Alipozeeka akaweka sharti lile lile. Kijana Bach alitembea kwa miguu safari ndefu kwenda kumsikiliza, akarudi kwao na muziki tele kichwani, akamwacha binti bila kumwoa.

"Na muziki huo unapigwa mpaka leo!" mzee alipenda kumalizia.

"Na binti je, baba?" Ajiambo akauliza. Mzee akakohoa, akaomba chai.

Alikuja Donald. Akapiga vizuri sana, akaelezwa sharti, akadandia treni ya Mombasa na chai hakuimaliza. Musyimi aliyemfuata naye akakumbuka ghafla kwamba ana mchumba kwao.

Ndipo Jumamosi moja, siku ya mazoezi ya kwaya, akatokea Silvanus, kijana mkulima kutoka Makwasinyi, kwa miguu, viatu kavitundika shingoni visichakae.

"Piga tukusikie," mzee akamwambia.

"Leo nisikilize kwanza, mzee."

Jumamosi iliyofuata, kusikiliza tu. Na iliyofuata. Alisimama kando ya kinanda, upande wa sauti ya pili, alikoimba Ajiambo.

"Huyu ndiye Bach wetu!" mzee akafurahi. "Anameza kila kitu kwa macho!"

"Akishashiba atakimbia," Rispa akamnong'oneza Ajiambo, rafiki yake.

"Si akimbie! Nimemfunga?" Lakini Jumamosi hizo kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimepigwa pasi.

Siku moja Silvanus aliingia jikoni kwa kina Ajiambo na kikapu cha mbaazi mbichi. Ajiambo akaona amalize maneno mapema.

"Kaka, sharti la baba unalijua? Kinanda ndicho mbuzi. Mimi ndiyo kamba."

Silvanus akafungua mdomo, akaufunga, akaweka kikapu chini na kutoka.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya mzee kustaafu na kurudi kwao magharibi. Akavuta kiti, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe. "Keti, mwanangu. Leo hakuna kusikiliza."

Silvanus akaketi, akainua mikono, akairudisha magotini. Ajiambo akainamisha kichwa. Masikioni mwake treni ya Mombasa ilikuwa inapiga filimbi.

"Anza na wimbo wowote ule," mzee akamhimiza.

"Mzee, sijui hata pa kuanzia. Sijawahi kugusa kinanda tangu nizaliwe."

"Ala! Sasa Jumamosi zote hizi, toka Makwasinyi kwa miguu, ulikuwa unafuata nini hapa?"

Silvanus akasimama, akamtazama Ajiambo, na safari hii mdomo haukufungika.

"Mbuzi baki naye, mzee," akasema. "Mimi nilifuata kamba."