Majani ya Kulowekwa

Tangu binti yake afariki, kila asubuhi Mwinyikai alimpa farasi mdogo wa marehemu kipande cha sukari guru. Hakujua namna nyingine ya kumbembeleza. Sasa farasi alikuwa amenenepa shingo, na alitembea kama anayekanyaga makaa.

“Mwili wake umeshindwa kuimudu sukari, baba,” alisema Kadzo, daktari wa mifugo, akipapasa kwato zenye joto. “Nitakuwa nampima damu. Majani makavu yaloweke kwanza ili sukari yake iyeyukie majini, kisha umwage maji hayo. Vitamu basi.”

“Kumbe nilikuwa namuua.”

“Hukujua, baba.”

Asubuhi iliyofuata Mwinyikai aliloweka majani. Alipomwaga maji ya majani mchangani, farasi alichechemea hadi pale, akainama, akaanza kulamba. Mzee akashika kamba, asijue avute au aache.