Mpini wa Mpera

"Mama, ukiendelea kukasirika hivyo, leo hatupiki!" Kudra alifoka.

"Na wewe uliyewaalika wakwe zako bila kuniambia, unataka nicheke?"

Mpini wa kisu ulishalegea mkononi mwangu. Siku hizi kila mpini wa dukani huhisi hasira ya anayeushika, na ikizidi hulainika kama ugali wa maji. Wageni walikuwa njiani, kuku hajakatwa.

"Basi!" Niling'oa mpini ule, nikapasha mkia wa kisu motoni hadi ukawa mwekundu, nikauchomeka kwenye kipande kikavu cha mpera. Moshi ukafuka, mti ukang'ang'ania chuma. Nilishangilia kama mtoto!

Nikamkatakata kuku kwa hasira zangu zote, mpini haukutikisika.

Kudra akarudi nyuma hadi mlangoni, macho kwenye mpini usiolegea.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Niletee na mwiko, nao ni wa dukani."