Uchafu wa Vidole

Rafu ilikuwa na vitabu vitatu. Mshairi alivihesabu mara mbili, kwani alikuwa amempelekea baba yake vitabu vinne alivyovitunga.

Akavishusha kimoja kimoja. Kurasa zilikuwa safi, na kila mgongo ulilia kwa ugumu ulipofunguliwa, kama siku ulipotoka kiwandani. Kwa miaka thelathini alikuwa amesoma miswada ya Zama za Kati, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi jambo lile lile: ukitaka kujua mtu alipenda ukurasa gani, tazama uchafu. Watu wa sala wa zamani walifuatisha mistari kwa vidole, hadi ukurasa waliouhitaji ukawa mweusi. Ukurasa safi ni ukurasa usiosomwa.

"Hakusoma hata mstari mmoja," alisema. Roho ilimuuma, wala hakuficha.

Mdogo wake, ambaye ndiye aliyemuuguza mzee, aliendelea kukunja mashuka.

"Na kile cha kwanza kiko wapi?"

"Sijui, dada. Kilipofika aliingia nacho karakana, basi. Sikukiona tena."

Jiko la kuchemshia gundi lilikuwa huko karakana, na mshairi alipowaza moto wake hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Kitabu kile kilikuwa na shairi alilolitunga kwa hasira, baada ya baba kumwambia kwamba mashairi ni majivuno, na kwamba magoti yake yamesahau sala. Ndani yake aliapa kutokanyaga tena nyumba hii. Kiapo akakitimiza, hadi juzi alipopigiwa simu kwamba mzee amekata roho.

"Mtu wa kitabu kimoja," alisema, akitazama kitabu cha sala kilichokuwa juu ya mto. Jalada lake la ngozi nyeusi baba alilishona mwenyewe, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake, kujalidi vitabu vya watu.

"Hicho hata mimi niliyekuwa namwogesha hakuniruhusu kukigusa," mdogo wake alisema. "Kila asubuhi alikaa nacho hapo dirishani. Anatazama njia, anarudi kwenye mstari, kidole hakibanduki, machozi yanamtoka. Nikiingia anakifunga. Nikasema moyoni, mzee wa watu anatubu."

Kutoka pale aliposimama, mshairi aliuona ukingo wa kurasa. Ulikuwa mweusi mahali pamoja tu. Maisha yake yote hakuwahi kumwonea Mungu wivu, lakini asubuhi ile alimwonea.

"Ngoja niione hiyo sala," alisema.

Akakichukua. Kikafunguka chenyewe, pale kilipozoea.

Mstari wa mwisho ulikuwa umefutika kabisa kwa kupapaswa. Hakuhitaji kuusoma, kwa kuwa aliuandika yeye: *Usiningoje dirishani, baba. Sirudi.*