Mwizi wa Kondoo

Fortunat alikuwa amepiga magoti juu ya kaburi la mtu asiyemjua, katika kijiji kimoja cha Suffolk, akisugua jiwe kwa mswaki. Suti yake ya kanisani ilikuwa imeingia matope na hakujali. Alikuwa anatafuta mwizi.

Kwao Bukavu, Kongo, binti hatolewi hivi hivi. Kwanza mjomba hutumwa kuupeleleza ukoo wa mchumba: humo mna mchawi? Mna kichaa? Mna mwizi? Akirudi na neno baya, posa imekufa. Sasa Plamedie, mtoto wa dada yake Angélique, alikuwa amempata Mwingereza, Neil, fundi bomba wa Walthamstow, London. Baba wa binti alishafariki, kwa hiyo neno lilibaki kinywani mwa Fortunat. Angélique alikwisha sema kwamba kaka yake akikataa, yeye harusini hakanyagi, na Plamedie hakuwa mtu wa kuolewa bila mama yake.

Fortunat alitaka kukataa. Alikuwa amemchagulia binti kijana mwingine, Gires, mhasibu wa kanisa, mwenye tai na gari. Lakini kukataa bila sababu ni roho mbaya, na Fortunat alijiona mtu wa haki. Ndipo alipopanda treni pale Liverpool Street kwenda kuwasaka mababu wa Neil, vibarua waliolima mashamba ya wenyewe karne nzima ya kumi na tisa bila kumiliki hata jembe.

Kilichomshangaza ni kwamba Anne, mama yake Neil, alifuatana naye kwa furaha, amebeba chupa ya chai na sandwichi za mayai. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa Waingereza wengi wa umri wake: aliwapenda wafu wake kuliko majirani zake. Kasisi alipowafungulia vitabu vya ubatizo, wakakuta bibi mmoja aliyejifungulia katika nyumba ya maskini mtoto asiye na baba, Fortunat alikunja uso kwa adabu, kama mtu aliyefika msibani. Anne akapiga makofi.

Ilikuwa vivyo hivyo walipojua kwamba mtoto yule, Isaac, alikua akaiba kondoo wa bwana shamba, akatiwa minyororo na kusafirishwa Australia. Ukoo mzima wa vibarua haukuacha hata jiwe moja makaburini, isipokuwa la Isaac, kwa sababu yeye peke yake alirudi na hela. Jina lilipojitokeza chini ya mswaki, Fortunat alishusha pumzi kama aliyeshiba. Anne alimkumbatia na kuomba wapigwe picha, yeye, Fortunat na mwizi.

Wazungu hawa wana wazimu, Fortunat aliwaza. Mtu anachekelea aibu ya nyumbani kwake!

Katika treni ya kurudi Anne alimuuliza kwao kukoje. Fortunat alijinyoosha kitini. Akamweleza habari ya babu yake Mugisho, ambaye Wabelgiji walimfunga kamba mbele ya misheni kwa kuwa alikataa kuwainamia. Habari hiyo ilisimuliwa katika kila harusi ya ukoo, na kila mara kamba ilizidi kuwa nene. Mwizi, kwao, hajawahi kuzaliwa. Anne aliuliza jina la babu mara mbili, akauliza na la misheni, macho yakimng'aa. Fortunat aliona wivu katika macho hayo, akamhurumia.

Siku ya kutoa jibu, wazee walijaa sebuleni kwa Angélique. Karibu na rejeta ya kupasha nyumba joto alikaa Mama Thérèse, mkongwe kuliko wote, mzaliwa wa kilima kilekile cha Mugisho, akisinzia chini ya kitenge. Neil alikaa mkono juu ya mkono. Anne alikuja na zawadi bapa iliyofungwa kwa karatasi yenye maua.

Fortunat alisimama. Alieleza nyumba ya maskini, mtoto asiye na baba, kondoo, minyororo. Kisha akamleta Mugisho na kamba yake, ili watu waone tofauti. Plamedie alikuwa akiwatafsiria wageni.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Fortunat alihitimisha. "Sisi hatutoi binti kwa ukoo wa mwizi."

Hiyo Plamedie alishindwa kuitafsiri. Alijifunika uso akalia. Angélique alitazama zulia. Anne aliona machozi, akadhani posa imekubaliwa, akainuka na zawadi yake. Alisema kwamba aliwaandikia masista wazee wa ile misheni, waliostaafu sasa huko Ubelgiji, nao hawakuwa wametupa picha hata moja.

Fortunat mwenyewe ndiye aliyeichana karatasi. Ndani ya fremu ya dhahabu alisimama mwanamume aliyefungwa mikono kwa kamba, kichwa cha mbuzi kikining'inia shingoni mwake. Chini yake sista fulani aliandika, kwa Kifaransa kisafi ambacho kila mzee pale alikisoma shuleni, jina la Mugisho na kosa lake.

"Mwambie mjomba wako," Anne alimwambia Plamedie, sauti ikimtetemeka kwa furaha, "kwamba sasa tumekuwa ndugu kabisa. Sisi kondoo, wao mbuzi."

Fortunat alisema picha za Wabelgiji ni uongo mtupu. Alisema mtu yule si babu yake, hata pua hazifanani. Wazee walipokezana fremu mpaka ikafika karibu na rejeta.

Mama Thérèse alivaa miwani. Aliitazama picha kwa muda.

"Ni yeye," alisema. "Na ile mbuzi ilikuwa ya baba yangu."