Soksi za Pasta

Pasta alivua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi ya nyumba za Waislamu, akaingia kutoa pole kwa msiba wa mzee jirani wa kanisa. Hatua ya kwanza tu, soksi zake zikalowa.

Maji ya mvua yalikuwa yametanda sakafuni. Maiti ya mzee huyo ilikuwa juu ya meza, imefunikwa shuka nyeupe. Pembe moja ya shuka ilikuwa na tope.

"Tulikuwa tumemulaza chini, ku mukeka," alisema Chadia, binti wa marehemu, bila kumtazama. "Maji ikamukuta."

Pasta akaliangalia lile tope.

Mwezi uliopita, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, waumini wake walifukia mtaro ili uwanja wa kanisa upate nafasi ya kuegesha pikipiki siku za ibada. Mzee huyu alikuja na jembe lake begani, akasimama tu, akauliza: "Na maji itapita wapi, Pasta?"

"Mungu atafungua njia," yeye akamjibu, na waumini wakaitika amina.

Nje mvua ilizidi. Pasta akainama, akavua soksi moja, kisha ya pili.

"Chadia," akasema, "jembe ya baba iko wapi?"